Gari Langu Lisivundwe

Mamangu hataki kubebwa. Alianguka bafuni, nyonga ya kulia ikaungwa kwa chuma, na tangu siku hiyo atembea na mkongojo, polepole, mkono wa pili ukipapasa kuta za majirani. Daktari alisema amepona. Lakini kupona alikokusudia daktari na kupona anakokutaka mama si kumoja. Yeye ataka atoke mlangoni kwake kwa miguu yake, aingie garini kwa makalio yake mwenyewe, na ashuke vivyo hivyo, bila ya mtu kumtia mikono kwapani kama gunia la mchele. Neno la gunia ni lake. Alimwambia muuguzi mwanamume hospitalini, tena kwa adabu, na yule muuguzi akacheka, akarudi nyuma hatua mbili.

Gari letu liliweza kumpa hilo. Ni gari la zamani, la marehemu baba, refu, rangi ya chai ya maziwa, na siti yake ya mbele ni moja nzima kama kochi, haina kigawanyo katikati. Mlango wafunguka mpaka mwisho. Mama ana namna yake ya kuingia: alipa gari mgongo, akaa, kisha ageuka na miguu yote miwili pamoja. Kimo cha siti ile ni sawa na kimo cha baraza ya nyumba yetu, na kwenye baraza hiyo amekaa tangu alipoletwa hapa bi harusi. Mwili wake wakijua kimo hicho. Hatazami nyuma akikaa.

Sijui kama nimeeleza vizuri. Niliacha shule darasa la nane, na haya nayatoa kwenye daftari ninaloandikia mambo ya nyumbani, ambamo nusu ya kurasa ni mimi kujikosoa kwa kurasa zilizotangulia.

Basi kila Alhamisi tulikuwa twavuka feri kwenda Likoni kwa mama mdogo, nduguye mama wa pekee aliyebaki. Na Jumapili alasiri tukienda ufukweni Mama Ngina, tukaliweka gari likitazama maji, mlango wa mama wazi, naye akila mihogo yenye pilipili na ndimu papo hapo kitini, akisalimiwa na wapitao kama yuko sebuleni kwake. Dereva ni mimi. Sisemi kwa kujisifu. Kuna nguzo moja ya Ndia Kuu niliyoigonga, nikafika nyumbani nikasema yenyewe ndiyo iliyonigonga.

Maneno yote yalianza Alhamisi moja, tukirudi kutoka Likoni. Kakangu mdogo alikuwa nasi siku hiyo, amekaa nyuma na tai yake shingoni, kwa kuwa yeye hufanya kazi ofisi za kutoa mizigo bandarini na alikuwa ametoka mapema. Tulipofika upande wa huku, ulimi wa feri ukashushwa, magari ya mbele yakapanda, na letu likakohoa mara mbili likanyamaza, magurudumu ya mbele yako kisiwani Mombasa na ya nyuma bado yako ferini.

Lori la nyuma likapiga honi. Waendao kwa miguu wakatupita kulia na kushoto kama maji yapitavyo jiwe.

"Mama, shuka tukupunguze!" akapaza sauti mchuuzi mmoja mwenye ndoo ya maji baridi.

"Nishuke niende wapi?" mama akamjibu dirishani. "Sukumeni, mtakula halua."

"Halua ya nani?"

"Ya harusi yako. Ukipata wa kukukubali na suruali hiyo."

Watu wakacheka, na ukicheka na mtu huwezi kumwacha njiani. Wakaja wanne, wakaja sita, wakasukuma. Kakangu naye akashuka. "Bwana tai, bega hilo! Mkweche wenu huu, si wetu!" wakamwambia. Akasukuma, viatu vyake vya ofisini vikaingia kwenye maji yaliyokuwa yamekusanyika pale ulimini. Gari likapanda likafika juu, na mama akawaombea dua wote kwa jumla, na yule wa suruali akamwombea peke yake.

Mimi nilirudi nyumbani nimefurahi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kakangu alirudi hakufurahi, na yeye ndiye aliyekuwa na haki. Alisubiri mama aingie ndani, akanishika mkono nje.

"Dada, tuseme ukweli. Gari lile likirudi nyuma badala ya kwenda mbele, mama aogelea?"

Nikageuzageuza funguo za gari mkononi.

"Breki unazijua wewe. Juzi ulimwambia nani kwamba wazikanyaga mara mbili ndio zishike?"

Nilimwambia yeye.

"Basi," akasema.

Nilipoyaandika maneno yake nilijaribu kuyapinga moja moja nikashindwa. Asije mtu akadhani kakangu alikuwa ameona haya ya tai. Haya aliona, ndiyo, lakini haya haikuwa hoja yake. Hoja yake ilikuwa mama.

Gari halikuwaka tena baada ya siku ile. Tukalisukuma mpaka kwenye uwazi tunapoliweka siku zote, maana vichochoro vya kwetu havipitishi gari, na kakangu akaanza kutafuta jingine. Aliletewa la kwanza na mwenzake wa kazini, apate kulijaribu. Zuri, jeupe, la juu. Mama akatoka akaliangalia, akaliangalia tena, kisha akauliza ngazi iko wapi. Kakangu alikuwa amejitayarisha. Akatoa kigoda cha mbao alichokuja nacho.

"Kanyaga hapa kwanza, mama, kisha ukae."

Mama akakitazama kile kigoda. "Wataka niingie garini au nikune nazi?"

Hata kakangu alicheka. Lile gari likarudi lilikotoka.

La pili lilikuwa dogo, la chini. Mama aliingia. Niwe mkweli, aliingia vizuri, ila alishuka zaidi ya alivyotarajia, akatoa sauti ndogo, "Eh." Tukamzungusha mpaka kwenye taa za Makadara tukarudi. Njiani aliisifu baridi ya gari, akaweka uso mbele ya tundu la upepo, akafumba macho. "Baridi yake ya peponi," alisema. Kisha tukafika, na akajaribu kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena. Akashika mlango, akashika dashibodi. Mwishowe mimi upande mmoja na kakangu upande wa pili tukamtia mikono kwapani tukamtoa, na watu wa baraza ya jirani, kwa heshima, wakageuza nyuso.

Mama alitengeza buibui lake, akaenda zake ndani kwa kufuata ukuta. Alhamisi ile kakangu alisema atakodi teksi. Mama akasema hana hamu ya Likoni. Jumapili akasema Mama Ngina kuna jua. Kuna jua Mombasa yote. Mama mdogo akapiga simu, nikamsikia mama akimwambia, "Nitakuya, nitakuya, ngoja," na alipoiweka simu akawa anakunja kanga iliyokwisha kukunjwa.

Wiki ya pili ikapita hivyo. Nilikuwa nikimwona amekaa barazani asubuhi, akiangalia upande lilipo gari, ingawa kutoka pale halionekani.

Mimi na kakangu tukakubaliana jambo, na hapa ndipo penye kosa langu, kwa hiyo naliandika pole pole. Tulikubaliana kwamba fundi aliangalie gari, na neno la fundi ndilo litakuwa neno. Akisema lafaa, tutalitengeza. Akisema halifai, basi. Tukaona tumefanya haki. Mama hatukumuuliza. Mimi nilidhani kakangu atamuuliza, na nadhani naye alinidhania mimi, lakini hilo silijui, na si vizuri kumwandikia mtu asilolisema.

Fundi ni mtu wa bara. Alikuja Mombasa kijana kufanya kazi ya reli, akaizeekea, na sasa ana karakana yake ya mabati kule Makupa. Ni mzee wa kanisa. Mikono yake huiosha kwa mafuta ya taa kisha kwa sabuni kabla ya kumpa mtu mkono, na jambo hilo mama amelipenda tangu siku ya kwanza. Alikuja na gari la kuvutia mengine, akafungua boneti ya letu, akaifunga. Kakangu akamwambia, mbele yangu:

"Fundi, iangalie vizuri. Ikiwa haina maana, ivunje tu, utafute wanunuzi wa spea."

Akiongea na watu wa bara kakangu huongea kama wao. Mimi nilikuwa hapo. Nilisikia. Nilinyamaza, kwa sababu tulikubaliana.

Aliyesikia mwingine ni mama, kwa dirisha la nyuma linaloelekea kule kwenye uwazi. Gari lilipokwisha kuondoka aliniita nimwendee. "Ndoo hapa. Mwataka kulivunda gari langu?"

"Bado hatujaamua, mama. Fundi ndiye atakayesema."

"Fundi atakaa ndani yake?"

Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe simu hiyo."

Nikampa. Hawezi zile herufi ndogo, kwa hiyo nilimshikia kidude cha kurekodi sauti, naye akazungumza akiwa ameisogeza simu mdomoni kama anayenong'oneza siri, huku nje mkokoteni wa maji ukipita na madebe yake yakigongana. "Fundi, salaam. Ni mimi mama. Babangu, gari langu lisivundwe. Nakuomba sana. Lisivundwe." Nikautuma ujumbe ule. Fundi akajibu kwa maneno mawili: Sawa Mama.

Mama alilala vizuri. Mimi sikujua nimwambie nini kakangu, kwa hiyo sikumwambia.

Zikapita siku kumi na fundi hatoi habari. Siku ya kumi na moja nilikuwa na shughuli ya vitambaa Mwembe Tayari, nikasema nipite Makupa nione. Fundi hakuwapo, ameenda kununua vifaa. Gari lilikuwapo. Lilikuwa juu ya mawe manne. Milango halina. Siti hazimo, zimeegeshwa ukutani moja juu ya nyingine. Nikachungulia ndani, na pale miguu ya mama inapokaa nikaona mchanga wa Makupa, na kuku akipita.

Nikajua limevunjwa.

Nilimpigia kakangu hapo hapo barabarani nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Moja lilikuwa: "Gari si kitu, umemvunda mama." Aliapa kwa Mungu kwamba hajamwambia fundi neno tangu ile siku. Nikamwambia asiape. Na hilo nalijutia mpaka leo, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na mtu aliyesema kweli ana haki ya kuapa.

Nilirudi nyumbani, mama akaniuliza kama nimepita Makupa. Nikasema nilikuwa na haraka.

Kesho yake alasiri kakangu alikuja, hajaondoa hasira, na tulikuwa bado hatujasalimiana vizuri tulipomsikia fundi mlangoni.

"Hodi! Sabalkheri, Mama!"

"Masalkheri, babangu," mama akamwitikia. "Sabalkheri imekupita na jua lake. Karibu ukae tini."

Fundi akakaa barazani. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa gazeti, akakiweka magotini mwake kama mtu aliyeleta mkate.

"Mama, nimekuja kukuambia mimi mwenyewe. Ile kazi uliniambia, nimefanya."

"Kazi gani?" akauliza kakangu.

"Ya Mama."

Kakangu akanitazama. Nikaangalia chini.

"Injini haina maneno," fundi akaendelea. "Ni pampu ya mafuta, hiyo ni kazi ya siku moja. Breki pia ni kazi, lakini sio kubwa. Lakini hii ndiyo Mama aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa." Akalifungua gazeti. Ndani mlikuwa na kipande cha bati cha ukubwa wa sahani, chekundu cheusi. Akakishika ukingo kwa vidole viwili, hakukaza, na ukingo ukamwagika kama unga.

"Hii imetoka wapi?" nikauliza.

"Chini ya siti. Upande wa Mama. Ilikuwa inashikwa na zulia tu."

Mama akanyoosha mkono, akapewa kile kipande, na ukingo mwingine ukamvunjikia kwenye buibui.

"Kumbe nalikuwa nimekaa juu ya biskuti," akasema.

"Fundi, subiri," kakangu akasema. "Mimi nilikuambia kama haina maana uivunje. Nani alikuambia ukate sakafu?"

"Mama."

"Mimi?" mama akasema. "Mimi nalikwambia lisivundwe!"

"Ndiyo. Lisivunde."

"Lisivundwe!"

"Si hivyo ndivyo nasema? Lisivunde. Ngoja." Akatoa simu yake, akaifuta kwa shati, akaucheza ule ujumbe. Sote wanne tukainama juu ya simu. Salaam ya mama ikasikika, kisha madebe ya mkokoteni, na katikati ya madebe, gari langu lisivund-, na mwisho wa neno ukamezwa. Mara ya pili vile vile. Akaurudia. Hata mimi niliyekuwa nimesimama kando yake siku ile sikuweza kuapa ni lipi nililolisikia.

"Sasa mimi nikawaza," fundi akasema, na naona alikuwa ameanza kuona haya, "kijana anasema ikiwa haina maana niivunje. Mama anasema isivunde. Na gari ikishavunda, ikaoza, si ndiyo haina maana? Kwa hivyo wote wanasema kitu kimoja. Nikatafuta penye imevunda."

Kakangu ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa kizingitini. Mama alikuwa bado hajaelewa, ikabidi nimweleze: kwamba kwetu kuvunda ni kuvunja, twasema mtoto amevunda gilasi, mwizi amevunda mlango, lakini kwa fundi, na kwa vitabu vyote vya shule, kilichovunda ni kilichooza kikanuka.

"Na wewe walijua hilo?" mama akaniuliza.

Nalijua kuliko mtu yeyote kwenye baraza ile. Nilipokuwa darasa la sita niliandika katika insha kwamba mwizi alivunda mlango akaingia. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, akaniuliza mlango ulikuwa unanuka nini. Wiki nzima wenzangu walikuwa wakipita mlangoni wameziba pua. Tangu hapo nikiandika naandika vunja, nikisema nasema vunda, na sijawahi kuchanganya. Ndiye mimi niliyemshikia mama simu akimwambia mtu wa bara neno hilo, mara mbili, na halikunigusa.

Nimelifikiria sana jambo hili na kila nikiligeuza naona sura nyingine. Fundi angemwelewa mama, angetia pampu na kutuletea gari siku ya pili, na mama angeendelea kukaa juu ya bati lile mpaka limwachie, pengine barabarani, pengine ferini. Angemfuata kakangu peke yake, leo gari lingekuwa vyuma katika magari ya watu. Hakumwelewa hata mmoja wao sawasawa. Na kakangu, aliyesema gari ni la hatari, alisema kweli zaidi ya alivyojua, na mimi niliyelitetea nilikuwa nikimtetea mama kukaa juu ya kutu. Sikujua nishukuru vipi. Niliandika alhamdulillahi nikaishia hapo.

Lakini siku ile barazani mambo hayakuishia hapo. Fundi, kwa kutaka kutufurahisha, akasema: "Sasa sakafu mpya naweka, bati nzito. Na ile siti ya mbele nimetoa kabisa, springi zimekwisha. Nimepata mbili za gari ndogo, mzuri sana, zinalala nyuma. Mama atakaa kama malkia."

Mama akarudisha kipande cha bati kwenye gazeti. Akaanza kukung'uta buibui.

Nilimwona mama, na nikamwona kakangu akimwona mama. Na ilinijia kwamba muda wote ule, katika maneno yote tuliyoyasema na kuyatuma na kuyachukia, hakuna aliyemwambia fundi kwa nini.

"Fundi," nikasema, "mama hawezi siti za chini."

"Sio chini sana."

"Na za juu hawezi. Ni nyonga. Aliingia gari moja dogo, ikabidi..." Nikasita, kwa kuwa mama alikuwapo.

Kakangu akamaliza, akiangalia mikono yake. "Ikabidi tumtoe. Mimi na dada. Hajatoka nyumbani tangu siku hiyo."

Fundi akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Sasa nyinyi," akasema, taratibu, bila ya kugomba, "mbona hamkuniambia ni mguu? Mliniambia gari."

Akasimama. "Mama, kwa ruhusa yako. Hapa unakaa bila shida?"

"Hapa nakaa tangu hujazaliwa."

"Ebu nione."

Mama akasimama kwa mkongojo, akaipa baraza mgongo, akakaa. Hakutazama nyuma. Fundi akachuchumaa mbele ya baraza, mbali kwa adabu, akiangalia mahali magoti ya mama yalipojikunja, kichwa kimelala upande kama mtu anayesikiliza injini. Akaomba mkongojo. Akausimamisha ukutani mwa baraza, akatoa msumari mfukoni, akakwaruza alama usawa wa jiwe.

"Wanitia chale mkongojo wangu," mama akasema.

"Ndogo tu, Mama. Nikienda nao nitaurudisha na gari."

"Na mimi nitembee na nini?"

Fundi akasita. Kabla hajasema kitu, mama mwenyewe akaupungia mkono. "Chukua, chukua. Ukuta upo. Mimi bila ya gari siendi popote. Ndipo utakapofanya haraka."

Fundi alipoondoka kakangu alibaki. Tulikaa yeye na mimi na mama katikati. Alisema atakubali matengenezo, lakini kwa masharti, na nayaandika kama alivyoyasema. Breki zote zitiwe mpya. Haya yawe matengenezo makubwa ya mwisho ya gari hili. Na yeye ataendelea kutafuta jingine, lakini kuanzia sasa hataangalia rangi wala baridi. Atapima siti kwanza. Mama akasema yote ni haki. Mimi pia nilisema ni haki. Kisha nikamwomba radhi kwa lile nililomwambia kwenye simu, naye akaniambia, "Lipi? Yalikuwa mengi," na tukacheka, ingawa nadhani moja au mawili bado yamemkaa.

Ikachukua wiki mbili nyingine. Siku nne fundi alinitumia picha, kila picha na mkongojo umesimama kando ya siti. Ile siti nzima aliirudisha, akatia springi mpya na sponji mpya. Picha ya kwanza siti ilikuwa imepita alama kwa vidole vitatu, kwa sababu ya bati nzito. Ya pili, viwili. Nilimwonyesha mama kila picha. Hakusema kitu ila, "Bado."

Alilileta Alhamisi asubuhi, kabla ya saa nne. Kakangu alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mama alivaa mapema sana, akatia na udi, akawa anasema hana haraka. Fundi akamletea mkongojo mpaka mlangoni. Tukaenda kwenye uwazi kwa mwendo wake, ukuta kwa ukuta, na majirani wawili wakafuata bila ya kualikwa.

Mlango ulikuwa wazi mpaka mwisho. Ndani mlinuka plastiki mpya na gundi. Mama akasimama, akaipa siti mgongo. Alikawia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akageuza shingo akatazama nyuma, na mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe, na kakangu akaushika. Hakunitazama. Aliushika tu, kwa nguvu, akaubana ubavuni mwake.

Mama akakaa.

Ilikuwa kama kidole kimoja juu zaidi, nadhani, kwa sababu alitikisika kidogo. Kisha ikawa sawa. Akaiinua miguu yote miwili pamoja, akageuka, akatulia, akaweka mkoba wake mapajani. Kakangu akauachia mkono wangu.

"Kimo ni hicho," mama akasema. "Lakini fundi, sponji yako ni ngumu. Wanikalisha kama abiria."

"Itazoea, Mama."

"Nani? Sponji au mimi?"

"Wote wawili."

"Haya. Kesho kutwa nitakwambia nani aliyeshinda."

Sisemi kwamba tumemaliza. Siku nyonga ikikataa hata kimo hicho, tutakaa tena barazani sisi watatu, na safari hiyo naahidi nitaanza kwa kumuuliza yeye. Kakangu bado apima. Mwenzake wa kazini aliniambia kwamba mahali pa kuuzia magari wenye magari humwuliza atalitaka la injini gani, naye huinama na futi akapima siti kwanza, na wamekwisha kumpa jina, ambalo hakunitajia.

Alhamisi ile tulivuka salama. Sitaeleza feri, ilivuka kama ivukavyo. Kule Likoni niliegesha karibu na lango la mama mdogo, ambaye alikuwa amesikia sauti ya gari na ametoka na upawa mkononi. Nilizima injini nikabaki nimekaa, mikono miwili kwenye usukani, kakangu nyuma naye hakutikisika. Mama akafungua mlango mwenyewe. Akatoa miguu. Akaweka mkongojo chini, akashika ukingo wa mlango, akainuka kwa mara moja, akasimama juani, akajitengeza mtandio.

"Wiki tano!" mama mdogo akamwambia. "Wiki tano wanidanganya kwa simu!"

"Nalikuwa natengezwa," mama akasema, na akatangulia kuingia.